Ukiulizwa, Sema Tabianchi

Jina lako limetoka kwenye orodha ya waliochaguliwa, bodi ya mikopo imekukumbuka, na pale Kagondo tayari kuna watu wanakuita dokta, ingawa shahada ni ya kwanza na kozi ni sayansi ya mazingira. Hongera. Mwongozo huu utakuvusha hadi joho bila kusumbuliwa na sayansi yenyewe. Sayansi hiyo ina vipimo vingi mno, na majibu yake huanza na "inategemea", kauli ambayo haijawahi kumpatia mtu kiti cha mbele harusini.

Kwanza, suala la kwenu. Kagondo ziko mbili: moja ni kata ya Manispaa ya Bukoba, nyingine iko Muleba, ile yenye hospitali. Chuoni usihangaike kufafanua. Sema "natokea Bukoba", kisha vumilia utani wa nshomile, ule wa Wahaya kujiona wasomi. Usiukatae. Siku ya kuwasilisha kazi ya kikundi utakufaa, maana wenzako watadhani umeisoma.

Chuo chochote kinafaa. SUA kule Morogoro kuna hatari ya kupelekwa shambani, Ardhi kuna hatari ya kunusishwa majitaka kwa jina la maabara, Mlimani kuna vimbweta na kivuli. Popote utakapoangukia, tafuta desa la mwaka jana mapema, bumu lisije likaisha kabla hujalitolea kopi.

Sasa siri ya taaluma. Jibu ni moja tu: mabadiliko ya tabianchi. Jibu hili lina sifa zote. Ni la kweli, kwa hiyo hakuna atakayekubishia. Ni kubwa, kwa hiyo hakuna atakayekutuma ukalipime kwa futi kamba. Na zaidi ya yote, anayelaumiwa yuko mbali, ana viwanda, wala hamtakutana msibani.

Anza kulifanyia mazoezi ziwani. Mwaka 2005 na 2006 Ziwa Victoria lilishuka hadi kina ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1920. Wewe andika: tabianchi. Atatokea mhadhiri mkorofi akukumbushe kwamba mlango wa kutokea maji uko Jinja, Uganda, kwamba pale kuna bwawa la tangu 1954 na la pili lililojengwa kando yake, na kwamba wataalamu waliopiga hesabu waliona ukame ulibeba takriban nusu ya lawama, nusu nyingine ikawa ya maji yaliyofunguliwa kupita kiwango kilichokubaliwa ili umeme uwake. Mnyamazishe kwa kusubiri. Mei 2020 ziwa lilipanda likavuka rekodi ya 1964, na safari hii mvua kweli ndiyo ilikuwa na kesi ya kujibu, kwa sababu takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani hunyesha juu ya ziwa lenyewe. Umeona? Jibu lako lilikuwa sahihi. Lilitangulia miaka kumi na minne tu.

Mtihani wenyewe utakuja likizo. Utafika nyumbani, bibi atakupa kahawa ya kutafuna, utaulizwa habari za huko kwa wakubwa, kisha utaongozwa kibanjani, kwenye migomba, taratibu, kama kwa bahati tu.

"Waitu msomi, huu mgomba una nini?"

Majani yamekuwa ya njano na kulegea, yananing'inia kama yaliyobabuliwa na moto. Mkungu umeanza kuiva wakati ndizi bado changa. Bibi anapasua moja kwa kisu: ndani ni kahawia. Anakata shina, na baada ya muda mfupi usaha wa njano unachuruzika kwenye mkato. Hapo ndipo shahada inapolipa. Shika kidevu, tazama mawinguni, useme: "Bibi, ni tabianchi. Joto limezidi."

Halafu ondoka kabla hajakuuliza kuhusu panga alilolishika, kwa maana mhalifu yumo humo. Huu ni mnyauko wa bakteria, Xanthomonas, uliotambuliwa Ethiopia mwaka 1968 kwenye ensete, ndugu wa mgomba. Ukaonekana Uganda 2001, na 2006 ukathibitishwa huku kwetu Kagera, wilayani Muleba. Wadudu huubeba kutoka ua dume moja hadi jingine. Binadamu huubeba kwa panga, na anausafirisha mbali zaidi kwa miche ya kupeana. Dawa ya kunyunyizia hakuna. Kinachofanya kazi ni vitu vya aibu kwa msomi: kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda, bila kuligusa kwa chuma, kung'oa au kukata mgomba mgonjwa mapema, na kupitisha panga kwenye moto au Jik kila unapohama shina. Watafiti wa Maruku, jirani kabisa na Bukoba mjini, wamekuwa wakilisema hili kwa miaka. Lakini fikiria madhara yake. Ukilisema wewe, bibi atauliza ni nani aliyeazima panga wiki iliyopita, na kila mtu anamjua, na kesho yake kuna kikao cha ukoo. Tabianchi haijawahi kuazima panga la mtu.

Vivyo hivyo kuhusu udongo. Bibi atakwambia kibanja kimechoka. Usikubali kuingizwa katika historia ya kibanja, kwa sababu ule udongo mweusi haukushuka na mvua. Ulitengenezwa na watu, vizazi kwa vizazi, kwa samadi ya ng'ombe na nyasi zilizokatwa rweya, ule uwanda wa nyasi nje ya vibanja, na kutandazwa chini ya migomba. Rweya ilikuwa ikikonda ili kibanja kinenepe. Sotoka ya miaka ya 1890 ilifyeka ng'ombe, na samadi ikaenda nao. Siku hizi sehemu ya rweya imefunikwa na mikaratusi na misonobari, nyasi za kutandaza zinafuatwa mbali, na kuna vyanzo vya maji ambavyo watu wanakumbuka tu vilipokuwa. Ukianza kuuliza mikaratusi ile ni ya nani, uliza kwanza nani alikujazia ada pale mkopo ulipopungua. Yawezekana ni shamba moja.

Utahitaji pia sentensi ya kufungulia insha. Inayopendwa ni "babu zetu waliishi kwa amani na mazingira". Itumie, ila usiisomee. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science habari za tanuri za chuma za Buhaya, za zamani za takriban miaka 1,500 hadi 2,000, zilizofikia joto kali kwa kuipasha hewa kabla haijaingia tanurini. Ni jambo la kujivunia, na sisi kwa kujivunia hatuhitaji mafunzo. Tatizo ni kwamba chuma huyeyushwa kwa mkaa, na mkaa ulikuwa msitu. Nyamaza hapo. Jivunie chuma, ruka mkaa.

Kwa samaki, mlaumu sangara. Huyu ni mgeni, aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950, akala furu aina kwa aina, na amekwisha kuuzwa Ulaya kwa hiyo hana wakili. Usitaje utafiti wa 1997 wa Ole Seehausen na wenzake kwenye ghuba ya Mwanza. Wao walionyesha kwamba furu jike humchagua dume kwa rangi, na kwamba rutuba tunayoimwaga ziwani, ya mashamba na ya vyoo, hulisha mwani mpaka maji yanakuwa mazito. Jike haoni rangi, anaolewa na yeyote aliye karibu, na aina zinachanganyika hadi zinapotea. Mambo ya vyoo hayafai kwenye slaidi.

Ukihitimu, mkate uko kwenye ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira. Mteja atakuwa na kiwanja ufukweni, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Pima wakati wa kiangazi. Kama ziwa litapanda tena na kuingia mapokezi, ushajua la kuandika. Ripoti yenyewe usiandike upya. Chukua ya hoteli ya Bagamoyo, badilisha jina la mteja, badilisha "bahari" iwe "ziwa". Ila ukurasa ule wa uoto wa asili usome mara mbili kabla ya kuwasilisha, uondoe mikoko. Bukoba hakuna mikoko.