Nyota, Pete na Joto la Viti
Wanaonung'unika kwamba Audi A3 na Skoda Octavia hujengwa juu ya msingi mmoja wa Volkswagen hawajui uzito wa pete nne za Audi. Mercedes-Benz A-Class ya 2018 nayo ilipewa injini ya lita 1.3 iliyobuniwa pamoja na Renault, iliyosukuma pia Dacia Duster; ila chini ya nyota ya Mercedes, mngurumo wake bila shaka hupanda cheo. Atakayesema buti ya Octavia humeza kigari cha mtoto na mizigo zaidi, aambiwe familia yenye hadhi husafiri na vibegi. Na BMW ilipokodisha joto la viti kwa mwezi huko Uingereza mwaka 2022, ilhali vifaa vyake vilikuwemo garini tayari, ilikuwa huruma tu: mnunuzi asije akasahau raha ya kulipa.