Ya Sheikh Makumbusho, ya Dada Takataka

Chini ya kitanda cha dabo deka pale Deira, Dubai, dada wa Mombasa ana mabegi ya mistari yenye zipu, yamevimba: mashuka, blenda mbili, viatu vya watoto ambao miguu yao huenda imeshavipita. Vinangoja kontena. Wenzake wa chumba wamechoka. "Shoga, wewe una ugonjwa. Hapa palale mtu au ulale mzigo?" Mwaka 2025 Manispaa ya Dubai nayo ikaanza kusaka nyumba zilizokatwakatwa vyumba, Rigga hadi Satwa, kwa ajili ya usalama wa moto. Haki yao, moto hauna utani.

Sasa panda basi hadi Abu Dhabi. Sheikh Hamad bin Hamdan Al Nahyan ana magari mamia, zikiwemo Mercedes saba, kila moja na rangi yake ya upinde wa mvua. Ana pia lori la Dodge kubwa kama jumba, ndani mna vyumba vya kulala. Wapangaji wote wa Deira wangejinyoosha humo. Hakuna aliyemwambia anaumwa. Watalii hulipa wakaingia makumbusho yake kutazama.

Na Dubai yenyewe, 2023, mtu alitoa dirham milioni 55 kwa namba ya gari, P 7. Gari halimo kwenye bei. (Fedha zilikwenda kulisha wenye njaa, basi hapo nafyata.)

Dada, nakushauri: yapange mabegi kwa rangi, zungushia kamba ya mahameli, kisha huyo shoga wa kitanda cha juu mtoze kiingilio.