Sifa za Mawe Yanayoteleza

Waandishi wa safari wamekwisha kuisifu Lisbon kwa kila kinachoonekana ukiinua macho: makanisa, kuta za vigae vya buluu, tramu ya manjano namba 28 inayopanda vilima ikilia. Hakuna aliyemsifu huyu anayewabeba wote. Mimi nayasifu mawe ya njia za waenda kwa miguu, yale meupe madogo ya chokaa yanayopangwa kwa mkono juu ya mchanga, yakasuguliwa na nyayo mpaka yakateleza kama kipande cha sabuni. Mvua ikinyesha, sabuni hiyo hupata na maji yake.

Wahenga wetu walisema kuteleza si kuanguka. Hawakupata kuteremka mtaa wa Chiado, Lisbon, siku ya manyunyu.

Fadhila ya kwanza ya jiwe hili ni kufundisha adabu. Mtalii huja Lisbon na kiburi chake: miwani ya jua, simu mkononi, orodha ndefu ya mambo ya kuona kabla jua halijatua. Kabla ya kilima cha pili jiwe limekwisha kumshusha. Anakwenda kwa kunyata, kichwa ameinamisha, mkono umeshika ukuta wa watu. Balozi, mwanafunzi, mchungaji, bwana mwenye viatu vya ngozi vya bei kali (huyo hasa), wote huinama sawasawa. Serikali ngapi zimeutafuta usawa wa namna hiyo zikashindwa?

Tena ni mhisani. Fundi viatu anakula kwa ajili yake, mfamasia anauza bendeji, na dereva wa bajaji, maana Lisbon nayo imejaa bajaji siku hizi, humngoja kwa subira yule atakayekata tamaa katikati ya mpando. Wapo wabishi, sikatai. Wazee wa jiji hulalamika kwamba mvua ikinyesha wanaogopa kutoka nje, na anayetembelea kiti cha magurudumu ana maneno makali zaidi. Lakini hii ni hotuba ya sifa; mshitaki atafute jukwaa lake.

Na sifa bila nasaba hazikamiliki. Mwaka 1842 mkuu wa ngome ya São Jorge, Eusébio Furtado, aliwatumia wafungwa kutandaza mawe ya rangi mbili pale kilimani, na watu wakapanda kwenda kutazama ajabu hiyo. Akapewa kazi kubwa zaidi, uwanja wa Rossio, uliokamilika mwaka 1849: mawimbi meusi na meupe kutoka upande hadi upande, hata Waingereza waliopita hapo wakautania kuwa ni uwanja unaoyumba. Kwa hiyo anayepepesuka Rossio amepigwa na mawimbi ya wafungwa. Ni kisasi cha polepole, na mpaka leo kinawapata watu wasiohusika kabisa.

Ukibahatika utamkuta fundi wa mawe haya kazini. Amekaa chini karibu kabisa na ardhi, jiwe kiganjani, nyundo ndogo mkono wa pili. Analigonga mara moja, analizungusha, analigonga tena, kipande kinaruka, kisha analipachika mahali pake bila kipimo wala saruji. Kazi hiyo huvunja mgongo, na mafundi walipoanza kuadimika baraza la jiji lilifungua shule ya kuwafundisha vijana, mwaka 1986. Sanamu yao ya shaba ipo mjini. Ni haki yao. Wafalme wengi wana sanamu kwa kazi ndogo kuliko hiyo.

Fadhila kuu nimeiweka mwisho kwa makusudi. Nenda kitongoji cha Belém, ukaione monasteri ya Jerónimos, iliyoanza kujengwa mwaka 1501 kwa ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki. Vasco da Gama amezikwa humo. Kisha nenda jumba la makumbusho ya sanaa ya kale, ukasimame mbele ya chombo cha ibada cha dhahabu kiitwacho Custódia de Belém. Mitume 12 wamepiga magoti kukizunguka, na maandishi ya kwenye kitako yanaitaja Kilwa kwa jina. Da Gama alifika Kilwa mwaka 1502 na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wake, Ibrahim, kumlipa mfalme wa Ureno kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ndiyo aliyoifua sonara Gil Vicente, akamaliza mwaka 1506. Kazi nzuri mno, na ndiyo inayouma.

Sasa litazame jiwe la njiani. Halikudaiwa kwa mtu kwa mizinga. Limechimbwa katika milima ya Ureno, likachongwa na Mreno, likatandazwa mbele ya mlango wa Mreno, na wa kwanza kuanguka juu yake bila shaka alikuwa Mreno. Mtu wa pwani yetu akiteleza Lisbon asione haya: ameangushwa na mali ya halali.

Vaa raba zenye soli ya kushika. Dhahabu ya Kilwa iko mtaa wa Janelas Verdes, na jumba hilo la makumbusho hufungwa Jumatatu.