Manyoya ya Kunguru

Julai 2011, Juba iliposherehekea uhuru wa Sudan Kusini, Kunguru aliingia mjini kutoka Nimule, mpakani na Uganda, kilomita 192 za vumbi, maana lami ilikuwa bado haijakamilika. Alikuja kuuza nyanya. Alikuwa mwerevu na mchapakazi. Sitaki msomaji amdharau mapema. Waliomtangulia walimwonya kwamba Juba, usipokuwa na mtu wa kukutambulisha, hata kibanda hupati.

Basi kila alipokutana na mkubwa, iwe harusini au katika hoteli za kando ya Nile, alimwomba unyoya mmoja. Tai alimpa. Bundi alimpa. Kongoti, msimamizi wa mizigo ya mpakani, alimpa mrefu kuliko yote. Kunguru aliyachomeka manyoya hayo katika kiota chake, juu ya mwembe wa soko la Konyo Konyo, akiyapanga kwa vyeo.

Chini ya mwembe huo Kanga aliuza chai ya tangawizi na karkade: jiko la mkaa, viti vya plastiki, vikombe vidogo. Kunguru alikunywa pale kila siku, akilipa huku macho yake yakitafuta nani amekaa na nani.

Ufalme wa ndege ulikuwa na desturi yake. Jioni amri ilisomwa hewani, na aliyelala mkubwa aliamka hana kiti. Mkazi wa Juba hahitaji kuelezwa. Jioni moja likasomwa jina la Kongoti. Kabla ya alfajiri Kunguru alikwisha kuung'oa unyoya wake na kuchomeka wa aliyemrithi. Kongoti alipopita sokoni kwa miguu, Kunguru aliinamia nyanya zake akijifanya anahesabu. Hapa ndipo kisa hiki kinaponiuma, kwa sababu nimewaona watu ninaowapenda wakifanya hivyo hivyo.

Desemba 2013 risasi zikalia mjini. Kunguru akarukia Gulu, upande wa Uganda, akarudi palipotulia, wala hakuuliza nani kafiwa. Kongoti alikuwa amempoteza mkewe. Kila asubuhi alikuja kukaa kwa Kanga, hana hata senti, na Kanga alimmiminia kwa deni asiloliandika popote, akiwaambia wateja, "Msogezeeni mzee kiti."

Mwaka 2016 nchi ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kunguru akaamini kwamba sasa mpaka ni mlango wazi, akakopa, akaagiza lori zima la nyanya. Lori likakwama Nimule, na nyanya haingoji. Akachomoa manyoya yake, akaruka kiota hadi kiota. Mmoja amefutwa, mwingine amehamia Khartoum. Bundi alimtazama kitambo, akauliza, "Tulionana wapi vile?" Tena amri ya juzi yake ilikuwa imemrudisha Kongoti mpakani.

Kunguru alishuka, akaketi kimya. Kanga akamwekea chai bila kuagizwa, sukari vijiko viwili, kama apendavyo.

"Mwanangu, mama yako kule Gulu, mguu umepona?"

Kunguru hakukumbuka kwamba aliwahi kumwambia. Koo likamkaba, na alipoweza kusema akamweleza habari yote ya lori. Kanga akamwita Kitwitwi, anayebeba salamu kandokando ya mto.

"Fuata maji mpaka Nimule. Msalimie Mzee Kongoti, umuulize kwanza kama usingizi umeanza kumrudia. Akishajibu, mwambie nina mgeni wangu hapa, nyanya zake zinaoza."

Kitwitwi akaondoka. Kunguru angeweza kwenda kungojea kiotani, lakini alibaki na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa.

"Mama, naona haya kuuliza. Miaka yote hii, sijui hata jina lako."

Kanga akavuta kigoda, akataja jina lake, la baba yake na la babu yake. Kunguru akayarudia polepole, akakosea la babu, akarekebishwa, akayarudia tena.