Mpangaji wa Guantánamo

Wapangaji wakorofi tumewaona, lakini yule wa Guantánamo ni kiboko yao. Mwaka 1898 Marekani iliingia Cuba kuwatoa Wahispania, ikaapa kwamba haina nia ya kuitwaa nchi ya watu. Na kweli haikuitwaa. Mwaka 1901 iliwaambia tu Wacuba waandike kwenye katiba yao wenyewe kwamba Marekani ina haki ya kuingilia kati mambo yao, la sivyo wanajeshi hawaondoki. Uhuru ndio huo!

Mwaka 1903 Marekani ikapanga Guantánamo, eneo la pwani ya Cuba, iwe kambi yake ya jeshi la majini, kwa dola 2,000 za dhahabu kwa mwaka. Mkataba wa 1934 ukakaza fundo: upangaji haukomi mpaka wote wawili wakubaliane, au mpangaji aamue kuhama kwa hiari yake. Baadaye hundi ikafika dola 4,085 kwa mwaka, kwa eneo la kilomita za mraba zipatazo 117. Tangu mapinduzi ya 1959, Havana imechukua fedha za hundi moja tu; nyingine kiongozi wa mapinduzi hayo, Fidel Castro, alizitupia kwenye droo. Mpangaji haoni tatizo: kodi si analipa?

Naye ndiye anayezunguka dunia akiwasomesha wengine kuheshimu mipaka ya jirani. Mwenye nyumba na ashukuru kwamba bado hajadaiwa kodi yeye.