Ombi la Mwekezaji wa Hekta Kumi: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ardhi

Mheshimiwa Waziri,

Mimi mkulima wa Rungwe Mpya, wilaya ya Kasulu, mwenye majembe mawili, mizinga kadhaa ya nyuki na afya ya kutosha, naleta mbele yako ombi ambalo natumaini halitatupwa kabla ya kusomwa, kwa kuwa nimejitahidi kuliandika kwa lugha ile ile ambayo wenye mitaji huandikia maombi yao, nayo aghalabu husomwa hadi mwisho na kujibiwa kwa chai. Naomba kuwa mwekezaji.

Lililonisukuma ni mazungumzo ya barazani kwetu. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia vita vya Kongo, kisha ikapokea Warundi wengi mwaka 2015, haijaacha kufuka moshi wa mapishi, lakini hapa kijijini urithi wake umekwisha kugawanywa kwa maneno mara nyingi: huyu anataka kiwanda, yule anataka malisho, vijana wanataka viwanja, na mzee mmoja asiyependa kusema sana huuliza tu kama yupo anayekumbuka pale palikuwa pa nani kabla ya kutandazwa turubai la kwanza. Hapati jibu, maana swali lake halina mtaji.

Mimi nimeona heri niache ubishi na kufuata mfano uliokwisha kukubalika. Kampuni ya AgriSol Energy, yenye asili yake Iowa nchini Marekani, ilikuja na shauri la kulima hekta 25,000 za Lugufu katika mkoa wetu huu wa Kigoma, mahali palipokuwa kambi ya Wakongo, pamoja na hekta 80,317 za Katumba na hekta 219,800 za Mishamo, jumla hekta 325,117. Katumba na Mishamo walikuwamo watu, tena wakulima hodari, Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 pamoja na watoto na wajukuu wao. Lakini ilionekana kuwa kasoro hiyo yatibika, kwani wakazi hao waliokubaliwa kuwa raia wa Tanzania waliambiwa kwamba uraia wenyewe wataupata wakiisha kuhama. Nami katika umri wangu wote sikupata kusikia mtu akikaribishwa nyumbani kwa masharti ya kutoka nje kwanza.

Na bei je? Hati ya maafikiano ambayo kampuni hiyo ilitiliana saini na Halmashauri ya Wilaya ya Mpanda, palipo na Katumba na Mishamo, mwezi Agosti 2010 ilitaja kodi ya shilingi 200 kwa hekta moja, na juu yake ada ya shilingi 500 kwa hekta, na muda uliozungumzwa ulikuwa miaka 99. Niliposomewa habari hizo nilimwomba msomaji arudie, nikidhani ameruka sifuri. Hakuruka. Basi, Mheshimiwa, naomba hekta 10 kwa masharti hayo hayo, yaani shilingi 7,000 kwa mwaka, na kwa miaka yote 99 shilingi 693,000, fedha ambazo nikiuza ng'ombe mmoja mnene naweza kuzilipa zote kwa siku moja, nikaacha wajukuu wa wajukuu wangu wakiwa hawadaiwi.

Kwa kuwa wawekezaji wenzangu waliomba pia hadhi ya mwekezaji wa kimkakati, pamoja na msamaha wa kodi, na ushuru wa dizeli na mitambo uondolewe, na reli iletwe hadi Mishamo, nami naomba kwa kadiri yangu: ushuru wa jembe uondolewe, na wa mafuta ya taa kadhalika, na kama reli itakuwa nzito kwa Hazina, basi karavati moja katika njia ya kupelekea mihogo sokoni, ambayo masika huigeuza kuwa mto bila ya kibali cha mamlaka yoyote ya maji.

Kuhusu wakazi wa kuhamishwa, nimefanya hesabu kwa insafu: katika eneo ninaloliomba mkazi ni mimi, na mke wangu, na watoto. Niko tayari kujipa ilani mimi mwenyewe, kujilipa fidia, na kujihamisha kutoka upande wa magharibi wa shamba kwenda upande wa mashariki, na iwapo nitakataa, nitajipeleka kwa mtendaji wa kata nikaonywe.

Sheria nayo nimeiuliza. Naarifiwa kwamba katika mwaka mmoja, 1999, Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, na kwamba ile ya kwanza, inapoeleza ardhi ya jumla, huingiza humo na ardhi ya kijiji isiyokaliwa wala kutumiwa, ilhali ya pili haina maneno hayo. Naarifiwa tena kwamba ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhaulishwa, ikiwa haizidi hekta 250 mkutano mkuu wa kijiji waweza kukubali au kukataa, lakini ikizidi hapo mkutano hutoa maoni na uamuzi ni wa Waziri. Kumbe shamba likikua sauti ya wenyewe hupungua! Ndiyo sababu nimeomba hekta 10 tu, nipate kubaki na haki ya kujikatalia.

Hapo penye ardhi isiyotumiwa naomba unistahimilie, kwa maana afisa wako atakapokuja kupima, akipita ndani ya gari na vioo vimefungwa kwa ajili ya vumbi, ataona nyasi zimefika kiunoni na visiki vya miombo vimechipua, ataandika pori, na kalamu ikiisha kuandika pori ni kazi kubwa kuifutisha. Lau angeshuka na kuvua viatu, unyayo wake ungeyapapasa matuta ya maharage ya miaka mitatu iliyopita, ambayo yamelazwa kwa makusudi ardhi ipate kurudisha nguvu zake. Na pembeni angeuona mti mmoja wa mtundu ulioachwa bila kukatwa, juu yake mzinga wa gome, na shina limelainika pale mrina asali anapokanyaga kila msimu.

Mtaalamu niliye naye ni mama yangu, ajuaye udongo upi huchukua muhogo na upi huuozesha, na ujira wake ni ugoro. Nasema hivi kwa kukumbuka mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa, ukafika Nachingwea na Urambo, jirani zetu wa Tabora, ukiwa na wataalamu wengi, vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, na azma ya kulima ekari zaidi ya milioni tatu. Nyuki wa mibuyuni waliwatimua wafanyakazi, udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama sakafu, na mpango ulipovunjwa mwaka 1951 paundi kama milioni 36 zilikuwa zimepotea. Mama yangu hajapoteza hata paundi moja. Wala sitapanda mibono. Kisarawe kampuni moja iliipanda katika ardhi ya vijiji, hekta zaidi ya 8,000 zilikwisha kutolewa, na mwaka 2011 kampuni hiyo ikasimama, wanavijiji wakabaki wakiulizana ardhi sasa ni ya nani.

Najua utasema kwamba shauri la Katumba na Mishamo halikutimia: Chuo Kikuu cha Iowa State, kilichokuwa mshirika wa AgriSol, kilijitoa mwaka 2012 baada ya makelele ya watu, na mwezi Oktoba 2014 Rais Kikwete alianza kuwakabidhi wakazi hati zao za uraia, nao wakabaki mashambani mwao. Ni kweli, na namshukuru Mungu. Lakini bei ile ilikwisha kutamkwa na kuandikwa na wakubwa wenye akili timamu, na sijasikia kwamba imefutwa. Ndiyo kisa nimewahi foleni mapema, kabla Nyarugusu haijafungwa na watu wenye ramani hawajaanza kuulizia njia ya Makere iendayo kambini.

Nimeambatisha shilingi 10,000 kwa kodi na ada ya mwaka wa kwanza. Naomba nirudishiwe chenji yangu shilingi 3,000 kwa mkono wa huyo afisa, pamoja na stakabadhi.

Wasalaam,
Mkulima wa Rungwe Mpya, Kasulu