Asilimia Tano Iliyobaki

Ukitamka neno gumegume mbele ya kina mama wa mjini, watadhani unamsema mume wa mtu: yule anayekula, anayelala na anayelalamika, ila kazi haonekani akifanya. Maana nyingine ya neno hilo, ile ya bunduki ya kushindiliwa baruti mdomoni na kuwashwa kwa jiwe linalokwaruza chuma, siku hizi wanaijua wenye kamusi. Huko Marekani lakini gumegume la bunduki li hai na lina afya njema, na linauzwa vipande vipande ndani ya sanduku, mnunuzi akaliunge mwenyewe nyumbani. Hoja yangu ni nyepesi, japo wanunuzi wengi huikataa mpaka yawakute: anayechagua seti ya kuunga asitazame mbao, asitazame shaba, asitazame hata bei. Atazame mtambo wa kuwashia. Mtambo ukiwa mbovu, maana zote mbili za gumegume zitakutana sebuleni kwake.

Msomaji wa Tanzania aliyezoea kusikia magobore yakisalimishwa polisi na kuteketezwa atauliza inakuwaje kitu kama hicho kiletwe mlangoni na posta. Inakuwa kwa sababu sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inayosimamia silaha Marekani huihesabu bunduki ya namna hii kuwa kitu cha kale, hata kama imeundwa juzi, na katika majimbo mengi sanduku husafiri kama limebeba sufuria. Halafu iko Pennsylvania. Tangu 1974 jimbo hilo lina msimu wa kuwinda kulungu kwa magumegume, unaofunguliwa baada ya Krismasi, baridi ikiwa imekaza na theluji ikidondoka ndani ya baruti. Bunduki ya fataki, iliyolistaafisha gumegume katika karne ya 19, iliachwa nje ya msimu huo. Kwa hiyo watu wazima, wenye gari na simu ya kisasa, wana sababu halali kabisa ya kutaka chombo ambacho babu wa babu zao walikitupa kwa furaha.

Sanduku likifunguliwa, jicho huenda moja kwa moja kwenye mbao. Ni mepo, ndugu wa ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, na bora yake ina mistari ya mawimbi kama maji ya bahari jua likizama. Hapo ndipo pesa hupotea. Muuzaji naye, kwa kuwa mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, ametangaza kwamba kazi ya kuchonga imekamilika kwa asilimia 90, au 95. Si mwongo. Ukipima uzito wa mbao iliyokwisha kuondolewa, hesabu yake ni sahihi. Ukipima jioni zitakazotumika, ile asilimia tano ndiyo bunduki yenyewe. Mtutu wa pembe nane, wenye urefu wa inchi 42 hivi, unatakiwa ulale katika handaki lake bila kuacha nafasi ya kupitisha karatasi. Ili kujua wapi unagusa na wapi unaelea, fundi huupaka masizi, huukandamiza kwenye mbao, huunyanyua, hukwangua kwa patasi pale palipochafuka, kisha huanza tena. Wengine wameona kuwa lipstiki inaonyesha alama vizuri zaidi ya masizi. Basi mwanamume mwenye ndevu hadi kifuani husimama mbele ya rafu ya vipodozi akichagua nyekundu isiyokoza sana, na maelezo atakayompa mkewe jioni, kwamba lipstiki iliyo kwenye shati ni ya bunduki, hayajawahi kusaidia ndoa yoyote.

Ajali za mbao ni nyingi na zote zina aibu yake. Karibu na mdomo wa mtutu mbao inakuwa nyembamba kama biskuti, na ikibanwa kwenye jiliwa kwa hamasa inalia kama biskuti. Skrubu ya kushikia mtambo hupita katika nafasi finyu iliyoko kati ya mtutu na mdeki, yaani ule ufito wa kushindilia. Keekee ikiyumba kidogo tu, mdeki unakwama nusu ya safari. Kisha inakuja rangi: tindikali iliyoyeyushiwa chuma ndani yake hupakwa, na mbao ya thamani hugeuka rangi ya kijivu chenye ukijani, kama mtu aliyepanda boti ya Zanzibar siku ya pepo. Wageni wa kazi hii hukimbilia kitambaa na maji wakati dawa yake ni joto tu, ambalo huileta hudhurungi iliyokusudiwa. Mtutu nao hauachwi uking'aa. Bwana aliyewagombeza watoto miaka yote kwa kuacha baiskeli nje mvuani sasa anaulaza mtutu bafuni kwenye mvuke ili uote kutu vizuri, na ole wake atakayeingia kuoga bila ruhusa.

Nimezitaja ajali hizi zote ili niseme kwamba hazina uzito. Mbao inasamehe. Iliyomeguka hugundishwa, iliyochongwa kupita kiasi hutiwa kiraka, mdeki uliokwama hupunguzwa unene, na baada ya miaka miwili mwenyewe huwaambia wageni kwamba ile alama aliiweka makusudi. Mtambo hausamehe, wala haudanganyiki. Cheche tunazoziona si za jiwe; ni chembe za chuma ambazo jiwe limezinyofoa kutoka kwenye kile kibao kilichosimama mbele yake, zikaungua hewani na kudondokea kisahani cha baruti. Kibao hicho lazima kiwe kigumu sana usoni. Kikiwa laini, jiwe hukichimba mifereji kama jembe shambani na cheche hazitoki. Springi kubwa ikiwa dhaifu, jiwe linafika limechoka. Likigonga kwa pembe mbaya, linavunjika ncha badala ya kukwangua. Hakuna msasa wala mafuta ya kitani yanayotibu maradhi hayo, na mwenye ugonjwa ataendelea kusifiwa kwa mawimbi ya mepo yake huku bunduki ikisema ta, ta, ta, kama mtu anayemwita kuku.

Watakuja watetezi wa asili waseme kwamba anayenunua mtambo uliotengenezwa na wengine si fundi. Fundi wa kweli hufua kila kipande kwa mkono. Hawa hawajazitazama vizuri zile bunduki wanazoziabudu. Mafundi wa Lancaster wa karne ya 18 na mwanzo wa ile ya 19, waliolipa umaarufu lile gumegume refu la Pennsylvania, wengi wao waliagiza mitambo kutoka ng'ambo kwa sababu ilikuwa nafuu na ya kutegemewa. Jina la Ketland wa Birmingham liko kwenye bunduki nyingi za Kimarekani za zama zile, limeandikwa palepale kwenye bamba la mtambo, wala hakuna aliyeona haya. Wazee walikuwa waungaji wa seti. Walitumia akili yao kwenye mbao na pesa yao kwenye cheche, na leo seti bora, kama zile ambazo Jim Kibler wa Ohio huzikata kwa mashine inayoongozwa na kompyuta, zinafuata mgawanyo uleule.

Pingamizi la bei lina nguvu zaidi, na silikebehi. Seti ya chini hupatikana kwa dola mia chache. Iliyo nzuri huvuka dola 1,000 kabla hujanunua hata tupa. Mwenye mfuko mwepesi husema atachukua ya chini, na mtambo akiuona mbaya ataubadilisha. Lakini tundu la mtambo limechongwa kwa umbo la mtambo ule. Mwingine ukiwa mkubwa, utachonga upya. Ukiwa mdogo, utabaki na pengo ambamo mende atapanga. Ni kweli ipo mitambo ya akiba iliyoundwa mahsusi kuingia kwenye bunduki fulani maarufu, ila jumlisha bei yake na ya seti, ongeza ile Jumamosi iliyopotea, uone kama ile rahisi bado ni rahisi. Kama pesa haitoshi, punguza urembo: chukua mepo isiyo na wimbi hata moja, acha kile kisanduku cha shaba kilichochorwa maua ubavuni. Kulungu hasomi maua. Na kabla ya kulipa, kama muuzaji anakubali, omba mtambo peke yake, zima taa, fyatua. Cheche zikimwagika na kuchezacheza ndani ya kisahani, lipa. Ukihitaji kupepesa macho ili kujua kama umeona kitu, washa taa umshukuru.

Kuna wa mwisho, anayeuliza kwa nini mtu asinunue tu iliyokwisha kuungwa. Anunue, hakuna sheria inayokataza kulala mapema. Ila bunduki iliyotoka dukani ikigoma, mwenyewe hajui aanzie wapi, na msimu wa Pennsylvania si mahali pa kuanza kujifunza. Aliyeunga mwenyewe kwa mtambo mzuri atakuwa amelala kwenye theluji siku ile ya baada ya Krismasi, baruti kavu chini ya kipande cha ngozi, akijua kila skrubu ilipopotoka. Atafyatua, kisahani kitawaka, moshi utamfunika uso, na kulungu akiondoka mzima atakuwa ameondoka kwa sababu ya macho ya mwindaji. Yule wa mtambo laini atasema ta. Kulungu atainua sikio, atamtazama, kisha atarudi kula.